Chumba Chenye Pembe Sita: Hadithi za Kisayansi Runingani kwa Fedha Kidogo

Kila ninapozungumza na watayarishaji wa vipindi hapa Nairobi juu ya kuzileta runingani hadithi za kisayansi za zamani, zile za waandishi Waingereza kina H. G. Wells na E. M. Forster, jibu la kwanza huwa ni swali: pesa za roketi zitatoka wapi? Ni swali la haki kwa mtu anayelipa waigizaji kwa siku na kukodi taa kwa saa. Hata hivyo, nimeifuatilia historia ya tamthilia hizi kwa miaka kadhaa, nami naamini kwamba roketi si gharama ya kuogopwa. Tamthilia za aina hii zimefanywa kwa fedha kidogo tangu runinga ilipokuwa changa, na nyingi zilizokwama hazikukwama kwa sababu chombo cha anga kilionekana ni cha kadibodi. Zilikwama kwa sababu ya namna vipindi vyenyewe vilivyopangwa, kwa sababu ya hakimiliki, au zilipotea kwa sababu kanda zake zilifutwa.

Tuanze na hiyo roketi ili tumalizane nayo. Tarehe 11 Februari 1938, BBC, iliyokuwa ikirusha matangazo kutoka Alexandra Palace jijini London kwa nyumba chache zilizokuwa na runinga, ilionyesha sehemu ya mchezo wa R.U.R. wa mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, mchezo ulioipa dunia neno roboti. Onyesho lilichukua dakika 35. Januari 1949 shirika hilohilo likaonyesha The Time Machine ya Wells, waigizaji wakicheza mubashara mbele ya kamera bila nafasi ya kurudia walipokosea. Mwaka 1953 ikaja The Quatermass Experiment, ambayo si hadithi ya zamani bali iliandikwa mahsusi kwa runinga na Nigel Kneale, lakini naitaja kwa sababu ya mikono. Kwenye kilele cha hadithi kiumbe kinachofanana na mmea kinaonekana kimetanda ndani ya kanisa la Westminster Abbey, na hapakuwa na pesa za kulijenga kanisa wala za kukijenga kiumbe. Kneale na Judith Kerr, aliyekuja kuwa mke wake, walichukua glavu wakazibandika vipande vya ngozi na majani, picha kubwa ya ndani ya kanisa ikatobolewa, na Kneale akapenyeza mikono yake katika matundu hayo akawa anaichezesha polepole huku nchi nzima ikitazama.

Glavu zile peke yake hazingemtisha hata mtoto. Lakini kufikia hapo mtazamaji alikuwa amekwisha kuishi wiki tano na mwanaanga anayegeuka kidogo kidogo, akiziona nyuso za wanaomtafuta na kuzisikia sauti zao zikibadilika, kiasi kwamba hofu ilikuwa imejengwa kwa mazungumzo muda mrefu kabla ya mikono kutokea. Mtazamaji wa Kenya hahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa miongo kadhaa Vioja Mahakamani imetuonyesha wizi, ugomvi wa majirani na ndoa zilizovunjika bila kutoka katika chumba cha mahakama. Kuku aliyeibwa hatumwoni, lakini tunamwona shahidi akijikanyaga kwa maneno yake mwenyewe, nasi tunaujua wizi ulivyotendeka kuliko kama tungeonyeshwa. Mbinu ni ileile iliyotumiwa na kipindi cha runinga cha The Twilight Zone huko Marekani mwaka 1961 ilipoichukua hadithi ya Jerome Bixby ya mwaka 1953 kuhusu mtoto mdogo anayeweza kufanya lolote analolitaka kwa mawazo tu. Uwezo wa mtoto huyo unaonekana zaidi katika nyuso za watu wazima walioketi sebuleni, wanaolazimika kutabasamu na kusema kila kitu ni kizuri, kwa sababu wanajua kwamba mtoto akichukia tu, mmoja wao hatakuwapo tena.

Kwa hiyo, kabla ya kukadiria gharama, inafaa kwanza kujua mahali ajabu ya hadithi inapokaa. Katika The War of the Worlds ya Wells ya mwaka 1898 ajabu iko nje, katika mashine za miguu mitatu zinazopita juu ya miji na kuichoma, na ukiziondoa hizo hadithi inabaki bila uti wa mgongo. Katika The Machine Stops ya Forster ya mwaka 1909 mambo ni kinyume. Binadamu wamehamia chini ya ardhi, kila mtu katika chumba chake chenye pembe sita mfano wa kijumba cha sega la nyuki, na mashine moja kubwa inawapa chakula, dawa, muziki, na sahani ya mviringo ambayo kwayo wanaonana na kuzungumza na watu walio upande wa pili wa dunia. Mama anayeitwa Vashti anapokea ujumbe wa mwanawe Kuno, anayemwomba amtembelee ana kwa ana, jambo ambalo kwa mama huyo ni sawa na tusi. Inabidi asafiri kwa ndege ya zama hizo ili amfikie, lakini moyo wa hadithi uko katika vyumba viwili na watu wawili wasioelewana. Mtu aliyeandika haya zaidi ya miaka mia moja iliyopita angeuelewa mara moja mtaa wa ghorofa wa Nairobi ambamo mzazi na mtoto huonana kwa simu wakati mmoja yuko Kasarani na mwingine Rongai.

Mfano wa tatu ndio niupendao zaidi, nao hautajwi sana. Mwaka 1920 W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani Mweusi aliyekuja kufia Accra mwaka 1963, alichapisha hadithi fupi iitwayo The Comet. Tarishi wa benki, mtu mweusi, anatumwa ashuke katika vyumba vya chini vya benki huko New York, na akiwa huko nyota yenye mkia inapita na kuuacha mji umejaa maiti. Anapotoka nje anadhani amebaki peke yake duniani, mpaka anapomkuta mwanamke tajiri, mzungu, aliye hai kama yeye. Sehemu kubwa ya hadithi ni mji mtupu na watu wawili ambao jana wasingetazamana. Mji mtupu unasikika kama kitu cha gharama, lakini Nairobi hutupatia wenyewe: saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumapili, kuna barabara za katikati ya mji ambazo mtu anaweza kusimama katikati yake akahesabu mpaka hamsini bila gari kupita. Na kila aliyeishi hapa wakati wa kafyu ya korona ya mwaka 2020 anakumbuka jinsi mji huu ulivyo ukinyamaza. Tarishi wa benki ya Nairobi na mwanamke wa mtaa wenye mageti wasingehitaji kubadilishiwa mengi ili hadithi ya Du Bois iwe yetu.

Basi kama hadithi nzuri zinaweza kukaa katika chumba, kwa nini vipindi hivi huonekana ghali na havidumu? Sababu kubwa iko katika kujitegemea kwa kila hadithi. Tuseme seti moja inagharimu shilingi 600,000. Tamthilia ya kawaida, yenye familia moja na nyumba ileile, ikiitumia seti hiyo kwa sehemu 12, kila sehemu inabeba shilingi 50,000. Kipindi ambacho kila wiki kinaleta hadithi mpya, watu wapya na ulimwengu mpya, kinaijenga seti, kinaitumia siku moja au mbili, kisha kinaibomoa, na mzigo wote unaangukia sehemu moja. Ndiyo maana Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga iliyoanza mwaka 1966, ilikuwa na chumba kimoja cha uongozi wa chombo ambacho kilirudi wiki baada ya wiki. Ugumu ni uleule kwa wahusika, kwani mtazamaji aliyempenda mtu katika hadithi ya wiki hii hamkuti wiki ijayo, na kituo cha runinga kinalazimika kumshawishi upya kila mara.

BBC ilipambana na ugumu huu katika Out of the Unknown, ambayo kwangu ndiyo jaribio la dhati kuliko yote ya kuzileta hadithi hizi runingani. Ilianzishwa na mtayarishaji Irene Shubik, ikaanza tarehe 4 Oktoba 1965, na hadi ilipomalizika mwaka 1971 ilikuwa imetoa sehemu 49, nyingi zikitokana na hadithi za waandishi kama Isaac Asimov na John Wyndham. Kazi kubwa ya Shubik ilikuwa kusoma na kuchagua. Hadithi nyingi alizozipenda zilikuwa fupi mno kujaza saa moja, au zilihitaji vitu ambavyo studio isingeweza kuvimudu, kwa hiyo uchaguzi wa hadithi ndio uliokuwa udhibiti wa bajeti. The Machine Stops ilionyeshwa Oktoba 1966 chini ya mwongozaji Philip Saville, Yvonne Mitchell akiwa Vashti, kichwa chake kikiwa hakina unywele hata mmoja, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya kwanza katika tamasha la filamu za kisayansi la Trieste, Italia. Hata vitu vilivyotengenezwa havikutupwa. Mavazi ya roboti yaliyoshonwa kwa sehemu moja iliyotokana na hadithi ya Asimov yalipakwa rangi upya na kutumika tena katika Doctor Who, tamthilia nyingine ya BBC, mwaka 1968. The Twilight Zone nayo ilikuwa ikipigwa katika majengo ya kampuni ya MGM, na ilivaa, ikashika na kupanda vitu vilivyobaki kutoka filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956.

Kwa mtayarishaji wa Nairobi, nadhani dawa ni kwenda hatua moja mbele ya Shubik: asichague hadithi moja moja, bali achague hadithi nne au tano ambazo zinaweza kukaa katika chumba kilekile kikipangwa upya. Kuta za plaiwudi zenye bawaba zinaweza kuwa kijumba cha Forster juma hili, chumba cha chini cha benki juma lijalo, na maabara baadaye. Kundi moja la waigizaji, likibadilishana nafasi kama vikundi vya jukwaani vinavyofanya, litampa mtazamaji nyuso za kurudia hata kama majina yamebadilika. Kupiga ndani ya ghala kuna faida nyingine pia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa upigaji wa filamu za kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, lakini kila unapotoka barabarani au kuingia mbugani zinaongezeka ruhusa za wenye mahali, na kila ruhusa ina siku zake za kusubiri.

Hakimiliki ndiyo inayowachanganya wengi, na hapa Mkenya ana nafasi ambayo mara nyingi haijui. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Uingereza huhesabu miaka 70. Forster alifariki Juni 1970, kwa hiyo hapa kwetu kazi zake zikawa mali ya umma tarehe 1 Januari 2021, ilhali kwao zitaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2040. Mtayarishaji wa Nairobi anaweza leo kuigeuza The Machine Stops kuwa tamthilia ya Kiswahili na kuionyesha katika kituo cha Kenya bila kumlipa mtu yeyote kwa ajili ya hadithi hiyo. Akitaka kuiuza Uingereza, inambidi awatafute wenye haki za Forster. Na akiiweka kwenye intaneti bila kuizuia katika nchi ambazo bado zinailinda, amekwisha kuvuka mpaka bila kujua. Kwa hesabu hiyohiyo Čapek na Wells wako huru hapa tangu zamani, Du Bois tangu mwanzo wa 2014, na Wyndham, aliyefariki mwaka 1969, tangu 2020. Asimov alifariki mwaka 1992, kwa hiyo analindwa hapa hadi mwisho wa 2042, na Ray Bradbury, mwandishi Mmarekani aliyefariki mwaka 2012, hadi mwisho wa 2062. Mtu asiseme kwamba hadithi ni ya zamani kwa hiyo ni ya bure. Kinachohesabiwa hapa ni mwaka wa kifo cha mwandishi, hata kama hadithi aliiandika akiwa kijana.

Kuna fundo la pili ndani ya hilo la kwanza. Hadithi ikishakuwa huru, kazi walizofanya wengine juu yake haziwi huru pamoja nayo. Mswada wa runinga wa The Machine Stops wa mwaka 1966 una wenyewe, na tafsiri ya Kiswahili ikiwa imekwisha kufanywa na mtu aliye hai, ni mali yake. Njia salama ni kurudi katika maneno ya mwandishi mwenyewe na kutafsiri upya kutoka hapo.

Fundo la tatu ni muziki, nalo limewahi kuchangia kuiweka gizani filamu nzuri kwa zaidi ya miaka kumi. Januari 1980 mtandao wa runinga wa umma wa Marekani, PBS, ulionyesha The Lathe of Heaven, iliyotokana na riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1971, kuhusu mtu ambaye ndoto zake zinaubadilisha ulimwengu. Ilifanywa kwa fedha kidogo, mji wa Dallas ukitumiwa kama mji wa siku zijazo, na walioiona hawakuisahau. Lakini ndani yake mlikuwa na wimbo wa Beatles ambao una nafasi katika hadithi yenyewe, na muda wa haki za kuirusha filamu ulipokwisha mwaka 1988, gharama ya kuulipia upya wimbo huo ilikuwa mojawapo ya vikwazo. Tangu hapo filamu haikuonyeshwa tena mpaka mwaka 2000, wimbo ukiwa umeimbwa na watu wengine. Hapa Nairobi hatari hii ina magurudumu. Ukipiga mazungumzo karibu na barabara, matatu itapita na wimbo unaosikika vizuri kabisa chini ya sauti ya mwigizaji wako, na wimbo huo una mwenyewe hata kama hukuualika. Nimeona kazi ya siku nzima ikirekodiwa upya sauti kwa sababu ya sekunde tisa za namna hiyo.

Kuhusu kuhifadhi sitasema mengi, ingawa ndiko kunakoniuma. Kati ya zile sehemu 49 za Out of the Unknown, ni 20 tu zilizobaki zikiwa kamili. Kanda za video za wakati ule zilikuwa ghali, mikataba na waigizaji ilibana marudio, na studio ikaona bora kurekodi kitu kingine juu ya kazi iliyokwisha kuonyeshwa. Ile sehemu yenye roboti zilizopakwa rangi upya imepotea. Leo hatuna kanda, tuna diski za kompyuta, lakini tabia ni ileile: kijana anayehariri anaishiwa nafasi, anafuta mradi wa mwaka jana ili aingize harusi ya Jumamosi. Diski ya pili, ikikaa nyumba nyingine, ni gharama ndogo kuliko chakula cha mchana cha siku moja ya kupiga picha.

Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha vijana waliotaka kujaribu ukurasa wa mwanzo wa hadithi ya Forster katika ghala moja la Eneo la Viwanda. Chumba kilitaka plaiwudi kumi za futi nane kwa nne, mbili kwa kila ukuta, na kuta zilikuwa tano, kwa sababu upande wa sita ulikuwa wa kamera. Fundi seremala, mzee aliyezoea makabati, hakuwa na kipimo cha pembe hiyo, akakata kipande cha katoni kikamwongoza, na kuta zikakutana bila mwanya. Forster anasema chumba hakina dirisha wala taa ilhali kimejaa mwanga mwororo. Tulitandaza shuka nyeupe juu kama dari na kuweka taa za LED juu ya shuka, basi mwanga ukawa hautoki popote. Mvua ilitusumbua mara mbili, kwani mabati ya ghala yalikuwa yakipiga kelele kuliko mashine yoyote ya kubuni.

Lililokuwa gumu ni mvumo. Katika hadithi mashine haikomi kuvuma, na Vashti hajawahi kuujua ukimya maishani mwake. Mvumo unapokatika karibu ukimya umuue, na maelfu ya watu wanakufa palepale kwa kuusikia. Tulikuwa tumechukua sauti ya friji ya kioski kilicho nje ya geti na kuipiga kwa spika ndogo nyuma ya ukuta ili waigizaji wauzoee. Mama aliyekuwa Vashti alikuwa mtu wa michezo ya redio tangu ujana wake, na alikuwa katikati ya sentensi stima ilipopotea. Spika ikanyamaza, taa zikazimika, friji ya kioski nayo ikakatika, na mashine za kiwanda cha jirani, ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezisikia tangu asubuhi, zikasimama zote kwa pamoja. Ulibaki mwanga mdogo wa mlangoni. Mama yule hakutoka katika nafasi yake. Aliinua mkono akaugusa ukuta wa plaiwudi kwa vidole, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama, usisogee," mwongozaji alimwambia kwa sauti ya chini. "Kamera iko kwenye betri."